Maswali ya Ndani ya Gari: silingi iliyoachia, leza inayobanduka na mafuta ya korosho kwenye siti

Mwezi huu maswali ya ndani ya gari yamekuja mengi kuliko ya injini na nimefurahi kweli, maana huku kwetu mtu anafunga matairi mapya, anabadilisha shokapu, halafu anasafiri Mtwara mpaka Dar amekalia siti iliyotoboka mpaka waya unamchoma. Gari zetu nyingi zimekuja zimeshatumika Japani, zikifika hapa zinakutana na jua, chumvi ya bahari na unyevu, na vitu vya ndani vinakufa kabla ya injini. Nimechagua maswali yale ambayo yatasaidia wengi.

Habari fundi. Nina Noah, napiga ruti Mtwara – Masasi. Kitambaa cha silingi kimeachia kuanzia nyuma, kinawagusa abiria vichwani. Fundi mmoja alichoma na bomba la sindano akaingiza gundi, akabana na pini, ikakaa vizuri ila hata mwezi haukuisha ikashuka tena. Gundi ilikuwa mbaya au nini? – Dereva, Mtwara mjini

Salama kaka, pole na kazi. Gundi inaweza kuwa mbaya pia lakini tatizo lako lipo juu yake. Kile kitambaa hakijagundishwa moja kwa moja kwenye ubao wa silingi, nyuma yake kuna sponji nyembamba ya milimita tatu hivi mpaka tano, na hiyo sponji ndo iliyogundishwa kwenye ubao. Joto na unyevu vinaila taratibu kwa miaka mpaka inakuwa unga. Vuta kitambaa chako kidogo pale nyuma halafu pitisha kidole juu, utaona unga wa njano au kahawia unaonata vidoleni kama unga wa manjano. Sasa mtu akiingiza gundi pale anagundisha kitambaa kwenye unga, na unga haujashika kitu, kwahiyo hata ungeleta gundi kutoka wapi itaachia tu.

Dawa yake ni kushusha ubao mzima. Fungua vizuia jua, taa za ndani, vishikio vya mkono, plastiki za kwenye nguzo, legeza raba za milango, halafu ubao unatokea mlango wa nyuma. Muwe watu wawili, maana ule ubao ni wa nyuzi zilizogandamizwa, ukikunjika unabaki na alama ya mkunjo maisha yote na hamna kitambaa kitakachoificha. Halafu angalia pembeni ya paa na kwenye nguzo kama kuna maandishi ya SRS, ndo alama ya eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, baadhi ya gari zina eabegi za pazia zimelala hapo juu, kama zipo zima gari, toa terminali ya negativu ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa chochote, na waya wenye soketi ya njano usiuchomoe hovyo.

Ubao ukishatoka, bandua kitambaa, chukua brashi ya plastiki sugua unga wote mpaka uone ubao wenyewe. Hapa ndo mafundi wengi wanakata kona kwa sababu ni kazi chafu na ya kuchosha, ila fundi anayesugua vizuri hapa kazi yake inadumu na anayeharakisha utarudi kwake. Vaa barakoa. Baada ya hapo nunua kitambaa cha silingi chenye sponji yake nyuma, usichukue shuka wala kitambaa cha pazia, maana bila sponji kila kovu la ubao litaonekana.

Gundi tafuta ya kontakti iliyoandikwa inavumilia nyuzi 70 za sentigredi kwenda juu. Kuna utafiti ulifanyika Arizona, Marekani, ukatoka 2018, walipima gari zilizoegeshwa juani saa moja tu, dashibodi zikafika wastani wa nyuzi 69, usukani 53 na siti 51. Kule ni joto kuliko Mtwara, nakubali, lakini Noah yako inashinda stendi juani siku nzima milango imefungwa, sio saa moja. Gundi ya viatu ya kawaida ikishapata joto la namna hiyo inalainika na kitambaa kinaanza kuvuta uzito wake.

Paka pande zote mbili, ubao na mgongo wa kitambaa, subiri mpaka ukigusa na kidole gundi haikufuati, ndo ulaze kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kiganja, polepole, kwenye mabonde usivute kitambaa bali kisukumie kiingie. Acha sentimita tano au zaidi za kukunja nyuma ya ubao. Kiache kivulini mpaka kesho yake ndo ukirudishe. Ukifanyiwa hivi abiria wako watasahau kabisa habari ya silingi.

Kaka fundi shikamoo. Nataka kuvalisha IST yangu siti za leza. Dukani nimeonyeshwa leza tatu, zote wanasema ni original, bei zinatofautiana sana. Naishi Shangani karibu na bahari. Nichukue ipi? – Mwalimu, Shangani

Marahaba mwalimu. Neno original dukani lisikusumbue, wewe geuza kipande uangalie mgongo wake.

Ngozi halisi ya mnyama mgongo wake ni wa nyuzinyuzi kama suede, na kipande kimoja hakifanani unene kila mahali. Hii ni gharama na huku pwani inataka matunzo, ikilala na unyevu inaota ukungu. Kama mgongo ni kitambaa kilichofumwa au cha kusokotwa, basi hiyo ni leza ya kutengeneza, na hapa ndo kuna mambo mawili ambayo muuza duka hatakwambia, pengine na yeye hajui. Kuna ya PU na kuna ya PVC, zote ni aina za plastiki. Ya PU ni laini, nyepesi, inavutika vizuri, ukiishika mkononi unaipenda papo hapo. Lakini nyingi za bei ndogo zinavunjwa na unyevu wa hewa, ule unyevu unaingia kwenye tabaka la juu na kulikata kidogokidogo, baada ya miaka michache inaanza kubanduka magamba, unashuka kwenye gari suruali imejaa vipande vyeusi nyuma. Umeshaona makochi ya namna hiyo nina uhakika. Ya PVC ni nzito zaidi, inapasha joto makalio ukiingia kwenye gari lililokaa juani, lakini unyevu haiujali kihivyo, adui yake ni jua na joto la muda mrefu linaloifanya ikakamae na kupasuka kwenye mikunjo.

Kwa mtu wa Shangani mimi ningekwambia chukua PVC nzuri nene ya gari, sio ya makochi, na katikati pale unapokalia na unapoegemea weka kitambaa kizito cha gari chenye matundu ya kupitisha hewa. Pembeni leza, katikati kitambaa. Inapendeza, mgongo hauloi jasho, na gharama inapungua. Rangi usichukue nyeusi tupu, chukua kijivu au kahawia, mwezi wa kumi na mbili utanishukuru.

Sasa yanakuja yale ambayo watu hawayaulizi na mimi ndo yananiuma. Uzi. Uzi wa pamba unaoza, marufuku. Nailoni ina nguvu lakini jua linaichosha, poliesta nene inavumilia jua zaidi, hiyo ndo uidai. Na mshono usiwe wa karibu karibu sana, matundu ya sindano yakibanana kwenye leza yanaikata na inachanika palepale kwenye mstari, milimita tatu mpaka nne kati ya tundu na tundu inatosha.

Sponji nayo. Siti ikishabonyea fundi anakata kipande cha godoro anabandika juu, inapendeza siku ya kwanza, baada ya muda mfupi umerudi chini kwa sababu sponji ya godoro la bei ndogo ni nyepesi mno. Sponji ya siti za gari kwa kawaida ina uzito wa kati ya kilo 40 na 60 kwa mita moja ya ujazo. Mwambie fundi akupimie kwa mkono: bonyeza kwa ngumi, kama ngumi inafika chini kirahisi hiyo ni ya kulalia. Na chini ya sponji, juu ya springi, lazima pawe na kitu cha kuzuia springi zisikate sponji. Huku wengi wanaweka gunia la korosho, ni imara kweli, ila gunia likipata maji linaoza na kunuka, bora felti ya sintetiki. Pia zile pete za waya zinazobana kava kwenye sponji zikitoka na kutu usirudishe, weka mpya zisizoshika kutu au funga kwa tai za plastiki ngumu.

Jambo la mwisho mwalimu, na hili ni la uhai. Angalia ubavuni mwa siti za mbele, upande wa mlangoni, kama kuna kitambulisho kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG. Kama kipo, ndani ya ubavu huo kuna eabegi inayotokea kwa kupasua mshono. Ukivalishwa kava limeshonwa kwa uzi mgumu upande ule, siku ya ajali eabegi itashindwa kutoka au itatoka vibaya. Fundi aache ubavu huo wazi au ashone mshono maalumu dhaifu pale, na kama hajui unachoongelea, chukua gari lako uondoke.

Fundi, kava la usukani linazunguka mkononi nikikata kona. Nifanyeje? – Msomaji, Ruangwa

Litoe leo leo. Kava la kuvalisha likizunguka unapokata kona unaweza kushindwa kurudisha usukani. Kama unataka leza shonesha ile ya kushonwa kwa mkono palepale kwenye usukani, imebana, na katikati pale penye honi pasiguswe kabisa, hata stika usibandike, eabegi ya dereva inatokea hapo.

Mjomba habari za huko. Mimi niko Newala, nina pikapu. Nilikuwa nimebeba dumu la mafuta ya maganda ya korosho, ya kupaka mbao za nyumba zisiliwe na mchwa, likavuja kwenye siti ya abiria ya kitambaa. Limeacha doa jeusi kubwa, nimeosha na sabuni ya unga na maji mengi halitoki, na mkono umebabuka. Siti nzima ibadilishwe? – Mkulima, Newala

Mjomba pole sana, na kwanza tuanze na mkono. Yale mafuta yana tindikali inayounguza ngozi, ndo maana wabanguaji wanajipaka majivu au mafuta mikononi. Usiguse tena siti ile bila glavu nzito za mpira, na mkono kama una malengelenge nenda zahanati, usipake mafuta ya taa.

Maji hayawezi kitu pale, mafuta yale hayachanganyiki na maji, ulichofanya kwa maji mengi ni kuyasukuma yaingie kwenye sponji. Yanayotaka ni kuyeyushwa na kufyonzwa. Kama doa bado linanata ukigusa na kijiti, bado una nafasi. Fungua milango yote, mtu asivute sigara karibu, mwagia unga wa ngano au majivu laini ufyonze yale ya juu, kwangua kwa kadi ya plastiki, rudia. Halafu lowesha kitambaa cheupe kwa mafuta kidogo ya kula, gandamiza juu ya doa, usisugue, yale mafuta ya kula yanalegeza yale ya korosho, futa, kisha spiriti kwa kitambaa kingine kisafi, kila mara ukigeuza upande msafi, kutokea nje ya doa kwenda katikati ili lisitanuke. Ukimaliza ndo sabuni ya vyombo yenye povu kidogo na kukausha kwa kitambaa. Jaribu kwanza spiriti chini ya siti pasipoonekana uone kama rangi ya kitambaa inatoka.

Kama doa limeshakauka na kuwa gumu kama vanishi, basi mjomba usipoteze nguvu. Yale mafuta yakikaa hewani yanaganda na kuwa kitu kigumu, ndo maana yanafaa kwenye mbao, na yakishaganda kwenye uzi hamna sabuni itakayoyatoa bila kuua kitambaa.

Lakini siti nzima haibadilishwi! Siti ya pikapu imeunganishwa kwa vipande, na doa lako kwa maelezo yako lipo kwenye kipande cha kukalia tu. Fundi anavua kava, anafumua mshono wa kipande kile peke yake kwa wembe au kifumulio, anakilaza juu ya kitambaa kipya kama kipimo, anachora, anaongeza sentimita moja ya mshono, anakata, anashona, anarudisha. Akishavua kava aangalie sponji, pale palipoingia mafuta pakatwe na kisu chenye meno mpaka kwenye sponji safi, kipande kipya chenye ugumu uleule kigundishwe. Usimruhusu afunike tu sponji yenye mafuta kwa kitambaa kipya, joto la jua litayapandisha juu na doa litarudi, na safari hii litamuunguza abiria wako mapajani. Kama rangi ya kitambaa kile haipatikani, badilisha kipande cha kukalia siti zote mbili zifanane, utasema ilikuja hivyo.

Dashibodi yangu imeanza kunata juu na kung'aa, kuna mtu kaniambia niifute na thina halafu nipige spreyi nyeusi. – Lindi mjini

Usikubali kabisa. Kunata kule ni plastiki yenyewe imeanza kuharibika kwa joto na unyevu, thina itaiyeyusha iwe matope. Futa kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kausha, na toka leo egesha kivulini au weka kadibodi kwenye kioo cha mbele. Yale mafuta ya kung'arisha dashibodi yanayouzwa stendi achana nayo, yanavuta vumbi na yanarudisha mwanga machoni. Kama imeshaharibika sana inafaa kuvuliwa na kuvalishwa leza na fundi anayejua. Kapeti la manyoya nalo sawa, ila lisifunike mfuniko wa eabegi ya abiria.

Nina Probox, nanunua samaki napeleka Nachingwea. Maji ya samaki yamemwagika mara nyingi nyuma, nimepulizia manukato ya kila aina, harufu inazidi, na kapeti halikauki hata kiangazi. – Mfanyabiashara, Lindi

Dada au kaka, tupa manukato. Kapeti halikauki kwa sababu ya chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewa, kwahiyo hata ukianika mchana usiku linalowa tena lenyewe. Chumvi haitoki kwa jua, inatoka kwa maji baridi mengi.

Toa siti za nyuma, toa plastiki za pembeni, toa kapeti lote pamoja na lile godoro la felti chini yake, maana harufu inakaa kwenye felti. Loweka kapeti kwenye maji baridi, kamua, badilisha maji mpaka ukionja kwa ncha ya ulimi hakuna chumvi, samahani lakini ndo kipimo rahisi. Halafu sabuni, suuza, mara ya mwisho siki kidogo kwenye maji inasaidia ile harufu ya samaki. Maji ya moto usitumie, yanagandisha damu na utelezi wa samaki kwenye nyuzi. Felti usiioshe, tupa, kata mpya.

Wakati kapeti linakauka kagua bati la sakafu. Hapo ndo utapata habari yenyewe. Toa vile vizibo vya raba sakafuni, angalia mishono ya bati na pale bolti za siti na mikanda zinapofungwa, kama kuna kutu inayovimba ikwangue mpaka bati jeupe, paka praima ya kuzuia kutu na rangi, na kama bolti ya mkanda imekaa kwenye bati lililooza nenda kwa fundi wa kuchomelea kabla hujabeba mtu. Soketi za waya zilizopita sakafuni zifungue uzikaushe, ukiona kijani ndani ni chumvi imeshaanza kula.

Ukirudisha, usiweke tena kapeti kule nyuma unapobebea. Tandika turubai nene au shonesha trei ya turubai yenye kingo zilizosimama, na samaki wakae kwenye boksi lenye mfuniko.

Fundi mimi ni kijana wa Kilwa, nataka kuweka urembo wa mpingo ndani ya gari yangu, nobu ya gia na vipande vya kwenye milango na dashibodi. Inawezekana au gari litaonekana la ajabu? – Kilwa Masoko

Inawezekana na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Watu wanabandika stika za plastiki zenye picha ya mbao, na sisi tunakaa kwenye mpingo wenyewe, na wachongaji wa Kimakonde wapo Mtwara na kwenye vijiji vingi vya kusini.

Nobu ya gia ndo uanze nayo. Ipeleke nobu ya zamani kwa mchongaji pamoja na wewe mwenyewe, mkono wako ndo kipimo. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, kwahiyo usifanye nobu kubwa, gia itakuwa inavutwa na uzito. Ndani usikate nyuzi za skrubu kwenye mbao tupu, itafute nati ya chuma inayoingia kwenye wenzo wako wa gia, igundishwe ndani kwa epoksi. Kama gari lako ni otomatiki lenye kitufe kwenye nobu, acha, hiyo ni kazi nyingine.

Mpingo una mafuta yake ya asili na gundi haishiki hivihivi. Piga msasa, futa na spiriti au asetoni, na ugundishe palepale kabla mafuta hayajapanda juu tena. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, barakoa ni lazima. Umaliziaji usipige vanishi nene, msasa mpaka ule laini kabisa halafu nta, utaona ule weusi wenye mistari ya kahawia unatoka wenyewe.

Milangoni weka vipande vyembamba, milimita mbili au tatu, vimebandikwa juu ya plastiki iliyokuwepo, pembe zote zizungushwe. Juu ya dashibodi mbele ya abiria usiweke, na chini usawa wa magoti usiweke, mbao ngumu ikivunjika kwenye ajali inakuwa kisu.

Mbao yenyewe nunua mabaki kwa mchongaji au kwenye kijiji chenye msitu wake halali, hapo kwenu Kilwa vipo vijiji vinavyovuna kwa mpango, na udai risiti. Mpingo tangu Januari 2017 upo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuukata bila kibali ni kosa, kwahiyo ukikutana na mtu anakuuzia gogo usiku kwa bei ya kutupa mpite tu. Kwa nobu moja na vipande vinne vya milango unahitaji mabaki madogo sana, mchongaji anayo chini ya meza yake. Chagua kipande kikavu cha siku nyingi, kipige kidogo na kingine usikilize, kikavu kinalia kama chuma, kibichi kinatoa sauti ya kufa na kitapasuka ndani ya gari lako mwezi wa kwanza wa jua.